Maua ya Matongo Mlangoni kwa Rozalia

Rozalia wa Nyantakara nilimfahamu kabla hajawa wa Nyantakara. Kwao ni Bugarama, Ngara, jirani kabisa na migomba yetu, na alipoolewa na Erasmus akahamia Nyantakara, Biharamulo, nilisema basi, huyu sasa nitamsikia kwa watu tu. Lakini mimi ni mtu wa kutia mipini majembe, na kazi hiyo haina ofisi. Natembea na tezo, panga na kipande cha chupa cha kulainishia mti, na popote watu wanapolima ndipo njia yangu inapopita. Kwa hiyo kila msimu nilikuwa nafika kwake. Tulikuwa tunaongea Kihangaza chetu mpaka mamamkwe wake, bibi Auleria, anauliza kwa Kiswahili kama tunamsengenya.

"Tunakusifu, mama," Rozalia anamjibu.

"Sifa gani hizo zenye kicheko."

Bibi Auleria haoni. Macho yake yalianza kwa ukungu, yakawa mekundu kwa moshi wa jikoni, mwisho yakaacha kazi. Alikuwa amebakiwa na masikio, na hayo yalikuwa yanafanya kazi ya watu wawili. Alikujua kwa hatua zako. Mimi alikuwa ananijua kwa tezo inavyogonga panga ndani ya mfuko.

Sasa, lazima nieleze habari ya matongo, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini watu walikaa kikao kwa ajili ya maua. Matongo ni mahali palipokuwa na nyumba, watu wakafa au wakahama, pakabaki mawe ya jikoni na mgomba mmoja uliokonda. Ngara wanasema hivyo, Biharamulo wanasema hivyo, hata Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao kutoka Shinyanga wanasema hivyohivyo. Na mahali kama hapo huota mmea mmoja ambao sisi tunauita kichumuchumu. Shina lake lina pembe nne. Maua ni ya rangi ya machungwa, yamejipanga kwenye shina kama mafundo kwenye kamba, fundo juu ya fundo. Ukiukata, mwaka unaofuata unachipua kwenye kisiki kilekile. Unaota hata kando ya barabara, lakini mtu akiuona karibu na nyumba hafikirii barabara. Anafikiri kwamba nyumba hiyo imeanza kufa.

Basi, mwaka juzi mwanzoni mwa masika nilikuwa natoka Nyarubungo, nikamkuta Rozalia njiani na mzigo uliofungwa kwa majani ya mgomba. Udongo ulikuwa unadondoka. Nikamsaidia kuufunga upya, nikaona mizizi.

"Rozalia, hiki ni kichumuchumu."

"Najua, baba."

"Unakipeleka wapi?"

Akatazama njia, mbele na nyuma, kisha akaniambia. Alikuwa ametumwa na bibi Auleria. Mizizi ile ilitoka Nyarubungo, mahali alipozaliwa yule bibi, kwa baba yake, ambako siku hizi hakuna mtu. Pamba ya jirani ilikuwa imepuliziwa dawa misimu miwili, na nyuki walikuwa wameondoka Nyantakara, sauti imekatika. Bibi akawa anamwambia Rozalia: "Nyumbani kwa baba kilikuwa nyuma ya nyumba. Asubuhi nyuki wanavuma hujafungua mlango. Hapa naamka sijui kama kumekucha au mmehama wote mkaniacha."

"Sasa usimwambie mtu, baba," Rozalia aliniomba. "Watu wakisema ni mimi, nitasemwa. Wakisema ni mama..."

 Mnajua maneno ya matongo yakimwangukia mwanamke kijana, anarudishwa kwao. Yakimwangukia mwanamke mzee mwenye macho mekundu, huku kwetu yamewahi kuishia kwenye panga.

Rozalia alikipanda upande wa jua la asubuhi, hatua chache kutoka mlangoni, pale bibi anapoegemea ukuta. Aligawanya mizizi, kila kipande na chipukizi lake, akafukia bila samadi, maana alisema kikinona sana kinatoa majani tu. Maua yalipokauka alikata mashina akaacha vipande virefu vimesimama, kwa sababu kuna vijinyuki vidogo vinavyolala ndani ya mashina hayo. Akaweka sahani ya maji yenye vijiwe ili nyuki wakinywa wasizame. Tena, na hili ndilo lililowaudhi watu kuliko yote, aliacha sehemu ya uwanja bila kufagia. Kuna nyuki wanaotoboa ardhi wakakaa humo, sasa ukifagia kila asubuhi unawafukia. Lakini mwanamke wa hapa anajulikana kwa uwanja wake. Uwanja wenye alama za ufagio ndio unaosema kuna watu.

Nyuki walirudi. Ndege chozi naye alikuja, yule mdogo anayeng'aa, akawa ananing'inia kwenye fundo la maua na mdomo wake uliopinda. Hata maboga yalishika. Misimu miwili iliyotangulia maboga ya Nyantakara yalikuwa yanafika ukubwa wa ngumi yanaoza, na mama wengi waliwachapa watoto wao wakisema wameyanyooshea kidole, maana boga likinyooshewa kidole linaoza.

Halafu Celestini akafa.

Alikuwa mtoto wa mwisho wa bibi Auleria. Alishikwa na homa vuli ya mwaka jana, wakamweka ndani wakisema itapita, na alipopakiwa kwenye bodaboda kupelekwa hospitali alikuwa hajijui. Mwaka huu, kabla machozi hayajakauka, bibi mwenyewe akaanza kukohoa na kulala mchana. Erasmus alikuwa machimboni na simu yake haipatikani. Ndipo watu walipoanza kuhesabu: maua yameingia, mtu ametoka. Sasa wa pili yuko kitandani.

Mimi nilifika siku hiyo bila kujua lolote. Niliona watu uwanjani nikadhani ni wageni wa kuja kumtazama mgonjwa. Juvenali, kaka mkubwa wa Erasmus, alikuwa amekaa kwenye kigoda, na jembe jipya lisilo na mpini mapajani. Kando yake alikuwa Mhoja, jirani Msukuma, mwenye ile pamba, tena mtu wa sungusungu, walinzi wa kijiji. Filimbi yake ya kuitia watu ilikuwa inaning'inia kifuani. Rozalia alikuwa amekaa chini, mikono kwenye magoti.

"Shikamoo, mzee," Juvenali alisema. "Mungu amekuleta. Tia mpini hapa."

Nikaitikia, nikalipokea lile jembe. Bado lilikuwa na rangi ya dukani. Nikauliza wanataka kulima wapi na mvua haijatulia.

"Hatulimi. Tunang'oa."

Nikaelewa. Kitu cha matongo hakiondolewi kwa jembe la kawaida. Kinang'olewa kwa jembe ambalo halijalima chakula, kikishatoka jembe nalo linatupwa porini. Jembe lililokwisha kugusa mazao likigusa kitu hicho, wanasema njaa inaingia shambani. Na lazima pawe na jirani wa kushuhudia, ndiyo maana Mhoja aliitwa.

Nilitoa gogo la mkoma, mti wetu wa mipini, nililokuwa nalo, nikaanza kuchonga. Polepole. Mti wa mkoma unachongeka vizuri, lakini siku ile nilijitahidi usichongeke.

"Mzee wa Ngara," Mhoja akanitania, kama kawaida yetu, "ninyi mipini mnachonga kama mnachumbia."

"Ninyi mnafunga jembe kwa ng'ombe halafu mnamsifu ng'ombe kwa kulima," nikamjibu.

Akacheka. Juvenali hakucheka. Alikuwa amekonda tangu mazishi.

"Shemeji," akamwambia Rozalia, "nakuuliza tena mbele ya jirani. Mwenye bodaboda alikuona njiani na mzigo wa mizizi. Haya hayakuota yenyewe."

"Hayakuota yenyewe, shemeji."

"Ulikuwa hujui ni kitu gani? Maana hata Ngara matongo ni matongo."

"Nilikuwa najua."

"Nani alikutuma?"

Nyuki walikuwa wanavuma pale nyuma ya Rozalia. Nikasimamisha tezo. Rozalia alinitazama mara moja tu, nikajua ananikataza. Nikaendelea kuchonga.

"Nilijituma," akasema.

"Ulijituma kuleta matongo mlangoni kwa mama yangu."

"Nilijituma kuleta maua."

Juvenali akainamisha kichwa. Sitaki mseme alikuwa mtu mbaya. Alisema kwa sauti ndogo, karibu ya kuomba: "Shemeji, nimemzika mdogo wangu. Sitamzika mama kwa ajili ya maua. Mtu asiyejua, tunang'oa yanaisha. Mtu aliyetumwa, tunamtafuta aliyemtuma. Lakini aliyejituma akijua, huyo hawezi kulala hapa. Tukishang'oa, ufunge vitu vyako. Erasmus akirudi atakufuata Ngara mzungumze hukohuko."

Rozalia akaitikia kwa kichwa. Mkono wake mmoja ulikuwa unachora chini, unafuta, unachora. Watoto wake wangebaki, hilo kila mtu alilijua bila kutamkwa. Watoto ni wa hapa.

"Mpini bado, mzee?"

"Una fundo."

"Fundo liko wapi?"

"Ndani."

Mhoja akanyoosha shingo kutazama, akaona mti uliolainika kama yai, akanitazama mimi.  Juvenali akanyoosha mkono. Ikabidi niuchomeke, nigonge, niingize kabari. Hakuna mpini usioisha. Nikamkabidhi.

Hapo ndipo tuliposikia kikohozi mlangoni.

Bibi Auleria alikuwa amesimama, kanga moja mwilini na nyingine begani, mkono ukutani. Rozalia akainuka mbio.

"Mama, rudi ndani, kuna upepo."

"Kaa. Mimi naijua njia hii." Akaja akifuata ukuta, kisha akaachana na ukuta. Alisimama kidogo akigeuza kichwa, akaelekea kwenye mvumo, moja kwa moja, mpaka shina moja likamgusa kifuani. Akakaa chini penye vumbi lisilofagiwa. Nyuki wakapanda wakashuka, wala hakuna aliyemgusa.

"Shikamoo, mama," tukasema wote, hata mimi, ingawa hatupishani sana miaka.

"Marahaba. Mhoja yupo?"

"Nipo, mama."

"Nimesikia filimbi yako inagonga kifungo. Na yule wa mipini yupo. Juvenali yupo, anapumua kama mtu aliyebeba gunia." Akatulia apate pumzi. "Umenunua jembe."

"Nimenunua, mama."

"La kung'olea."

"Ndiyo, mama. Kwa ajili yako."

"Ulipouliza nani amemtuma, nilikuwa macho."

"Mama," Rozalia akasema. "Mama, tafadhali."

"Nyamaza, mwanangu. Umenyamaza vizuri, lakini ulinyamaza mahali pabaya." Akashika shina kwa vidole viwili, akalifuata juu mpaka kwenye fundo la maua. "Ni mimi niliyemtuma. Haya yametoka kwa baba yangu, Nyarubungo."

 Macho yetu yalikwenda kwa Mhoja, siwezi kuficha, yakaenda kwenye ile filimbi. Maana jambo lilikuwa limetoka mkononi mwa Juvenali. Mtoto anaweza kusitiri kosa la mama yake, lakini shahidi alikuwa amesikia. Mtu wa sungusungu akitoka uwanjani na neno kama hilo, akalisema penye watu, bibi kizee ameleta matongo na mtoto wake amekufa, kufika jioni lingekuwa limeshakuwa neno lingine, na hilo lingine silitamki hapa.

Juvenali akalaza jembe mapajani. "Mama. Celestini."

"Celestini alikuwa na homa. Nilimshika miguu ilikuwa baridi, nikasema mpelekeni, mkasema kesho." Hakusema kwa ukali. "Sikulaumu. Na mimi sikupiga kelele. Lakini usimpe huyu binti mzigo wetu aende nao Ngara."

"Kwa babu ni matongo, mama. Hakuna mtu kule."

"Unasemaje hakuna mtu? Mimi ni mtoto wa pale, niko hapa nakohoa. Nimemtuma mkwe wangu akaingia, akachimba, akatoka. Matongo hayatumi watu."

 Bibi akageuza uso kwa Mhoja, na nikaona Rozalia ameshika upindo wa kanga yake kwa mikono yote miwili.

"Mhoja."

"Naam, mama."

"Mkeo aliniletea boga."

"Aliniambia."

"Lilikuwa tamu. Akasema mwaka ule yalioza yote, akawachapa watoto kwamba wameyanyooshea vidole."

"Aliwachapa kweli. Mimi mwenyewe nilisaidia."

"Mwaka huu wameacha kunyoosha vidole?"

 Mhoja akatazama upande wa kwake, ng'ambo ya mpaka wa shamba, ambako maboga yalionekana yamelala kati ya majani. Akatazama nyuki mmoja aliyetoka kwenye maua, akamfuata kwa macho mpaka akapotelea kulekule.

"Watoto ni walewale, mama," akasema. "Wananyooshea vidole hata ng'ombe."

"Basi."

Hapo Juvenali akasimama. Alikuwa amelishika lile jembe kwa mikono miwili. Alitembea kuelekea kwa mama yake, na Rozalia naye akasimama akaweka mwili wake mbele ya bibi. Mimi nilijikuta nimeinuka na tezo mkononi, sijui nilitaka kufanya nini nayo. Juvenali akafika kwenye shina la kwanza. Akalitazama.  Kisha akalipita. Akalipita na la pili, akawazunguka wale wanawake wawili, akavuka sahani ya maji, akaenda mpaka kwenye maharage ya kando ya nyumba ambako maboga yametambaa katikati.

Akainua jembe, akalima.

Alilima kwa nguvu kama mtu anayetaka kuliumiza jembe lenyewe. Rangi ya dukani ikachubuka. Udongo mweusi ukashika chuma, magugu yakageuka mizizi juu. Na kila pigo tulijua wote maana yake: jembe lile sasa limelima chakula, haliwezi tena kung'oa kitu cha matongo milele.

Mhoja alisimama akajikung'uta suruali. Akaivua filimbi shingoni, akaitia mfukoni.

"Mimi niliitwa kushuhudia jembe," akasema, akimwangalia bibi ingawa bibi hamwoni. "Nimeshuhudia. Limelima maharage. Mwingine akiniuliza, hilo ndilo nililoliona." Akanigeukia. "Na mpini ni mzuri, mzee. Hilo fundo sijaliona."

"Lilitoka," nikasema.

Akaondoka kwa njia ya mpakani. Tulimtazama mpaka akafika kwake, na hata hapo Rozalia hakuketi. Aliendelea kusikiliza, na mimi nikasikiliza naye, kama filimbi italia. Siwezi kusema moyo wangu ulitulia. Mtu mmoja akikubali kunyamaza, bado ana mke, ana ndugu, ana siku za kunywa pombe. Lakini siku ile haikulia. Nilipopita tena Nyantakara baada ya mavuno haikuwa imelia, na Rozalia ndiye aliyenipa maji ya kunywa.

Lakini nirudi pale. Juvenali alikuwa bado analima, ametugeuzia mgongo, na mabega yanatikisika kwa namna ambayo si ya jembe tu. Hatukumwita. Rozalia alikaa chini taratibu karibu na mamamkwe wake, akamfunika kanga vizuri. Bibi Auleria aliinamisha sikio.

"Analima wapi?"

"Kwenye maharage, mama."

"Mwambie asikaribie sana shina la boga," bibi akasema. "Mizizi yake iko juujuu."

Rozalia akapaza sauti: "Shemeji, mama anasema usikaribie shina la boga."

Juvenali akasimama kidogo, akajifuta uso kwa mkono wa shati. Akarudi nyuma hatua moja, akaendelea.